Kiboko na Zimwi la Bwawani

Paukwa!
Pakawa.
Paliondokea bwawa.
Likawa la nani?
Likawa la mmoja.
Na sisi?
Nanyi mezeni mate, mnisikilize.

Hadithi hii niliipata kwa mama yangu, na kwake ilikuwa fupi. Siku hizi nikiisimulia inanichanganya, maana ninyi mnaotoka banda la video mnanikatiza kila nikifungua mdomo. Mara steringi, yule shujaa wa muvi, yuko wapi, mara mbona hana upanga. Leo anikatize mtu aone.

Basi, palikuwa na ukame. Jua likawaka mwezi wa kwanza, likawaka mwezi wa pili, likawaka mpaka mawe yakapasuka, pa! pa! Visima vikakauka, mto ukakauka, likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa alikuwamo Kiboko.

Kiboko alikaa katikati. Akizama, chubwi! Akiibuka, fyuuu! Mnyama akija na ulimi nje, Kiboko anamuuliza bwawa la nani, na kabla mgeni hajajibu, anajijibu mwenyewe: langu. Kisha anafunua ule mdomo mnaoujua. Swala akaja, akauona mdomo, akarudi. Punda milia akaja, akauona mdomo, akarudi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu aliwajua wote, jina na ukoo, na bado alikuwa anawamaliza.

Sasa, kulikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kile kinyama cha majabalini, ukikiona unadhani ni panya aliyenenepa, na mkia hana. Alikuwa na watoto wawili. Kila asubuhi aliwalambisha umande kwenye mawe. Siku moja yule mdogo hakuamka kulamba. Alifungua jicho moja, akalifumba. Bi Pimbi akajua kwamba mtoto huyo hafiki keshokutwa, na akaogopa sana. Woga huwalaza wengine chini, lakini yeye ulimwamsha akili.

Alijua siri moja ya Kiboko. Kabla ya ukame, Kiboko alikuwa akitoka kila jioni kwenda malishoni, na malisho yalipakana na kijiji chenye banda la video. Alikuwa akichungulia kwenye tundu la ukuta. Lakini kwa ulafi wake alikula kwanza, na akimaliza kula, muvi nayo iko ukingoni. Miaka yote hiyo alikuwa ameona miisho tu: steringi amesimama mlimani, joho linapepea, tarumbeta zinalia, na watu chungu nzima wanampigia magoti. Steringi alifikaje huko mlimani, Kiboko hakujua. Alidhani wanampigia magoti kwa sababu ya ukubwa wa mwili. Tangu ukame uingie alikuwa hatoki tena, akichelea maji yake yataibwa, na ile miisho aliikosa mpaka akawa anaiota.

Bi Pimbi akaenda bwawani, amempakia Kinyonga mgongoni. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa bwawa la nani.

"Lako, bwana," akasema. "Sikuja kunywa. Natafuta mahali pa kurekodi muvi."

Kiboko akafunga mdomo. Tangu ukame uanze alikuwa hajaufunga mbele ya mgeni.

Bi Pimbi akamweleza kwamba muvi ni ile hadithi ya kale ya Kobe. Zamani zimwi lilikalia bwawa, nchi nzima ikakauka. Kobe akasimama ukingoni, akaliambia toka. Likasema sitoki. Mara saba hivyo. Mara ya saba likatoka, likapotelea kwenye mwanya wa mlima, na Kobe akaenda kusimama pale mwanyani ili lisirudi. Wenzake wakanywa wote, yeye akanywa wa mwisho. Na kamera je? Kamera ni Kinyonga, jicho moja kwa shujaa, jicho moja kwa zimwi, hapitwi na kitu.

"Mwishoni wanampigia magoti?" Kiboko akauliza.

"Wote, bwana."

"Basi Kobe ni mimi."

Bi Pimbi akajitia kusita. Akasema mama zetu wametusimulia Kobe mwenye miguu mifupi, watu watashangaa. Kiboko akamwambia hajapata kuona steringi mwenye miguu mifupi. Kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, akasema hiyo itarekebishwa na kamera.

Akauliza zimwi atacheza nani. Bi Pimbi akasema Mamba ameomba. Akauliza tena, zimwi linaonekana sana? Bi Pimbi akasema linaonekana tangu mwanzo. Kiboko akasema Mamba abaki kwake, hilo nalo apewe yeye. Akapewa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuvurugika, na nawaomba mtulie, maana hapa hata mimi hupotea.

Bi Pimbi akapiga kofi, pa! Kiboko akawa zimwi. Chubwi, akaingia majini, akauliza bwawa la nani, akajibu langu. Hakufundishwa neno. Kofi la pili, pa! Kiboko akawa shujaa. Akatoka majini, pu! pu! pu! akasimama ukingoni, akaliambia bwawa tupu, "Zimwi, toka!"

Kinyonga akasema haoni zimwi.

Kiboko akakimbia, chubwi, akasema, "Sitoki!" Akakimbia, pu pu pu, akasema, "Toka!" Chubwi, sitoki. Pu pu pu, toka. Chubwi, sitoki. Pu pu pu, toka. Kufika mara ya tano alikuwa anahema, na akiwa ukingoni alikasirika kweli kwa jinsi zimwi lile lilivyokuwa jeuri. Mara ya sita, akiwa majini, aliogopa kweli, kwa kuwa mtu wa ukingoni alikuwa na sauti nzito. Mara ya saba zimwi likasalimu amri, likatoka.

Kiboko akasimama ukingoni, anatiririka maji, anatazama huku na huku.

"Zimwi limekwenda wapi?"

"Limeelekea mwanyani, bwana. Shujaa naye analifuata, analizuia."

Kiboko akapanda mlima. Alifika juu, akasimama katikati ya mwanya, akatanua mabega. Hapo Bi Pimbi akakimbia majabalini akawabeba watoto wake, mmoja kinywani, mmoja mgongoni, akawatia ndimi zao majini. Yule mdogo alikunywa taratibu, kisha kwa pupa, kisha akapaliwa, akakohoa. Bi Pimbi akalia. Swala akaja, akanywa. Punda milia akaja, akanywa. Gubu, gubu, gubu.

Juu kule Kiboko akasikia. Ngozi ilikuwa imeanza kumkauka, jua linamchoma mgongo. Akaita kutoka mwanyani, akasema anaona kiu, anashuka kidogo tu.

"Nani huyo anayetaka bwawa kabla ya wenzake?" Bi Pimbi akauliza kutoka chini.

"Mimi."

"Wewe nani? Shujaa hunywa wa mwisho. Anayetaka kuwa wa kwanza ni lile lingine."

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Kweli, kulikuwa na mtu hapo mwanyani anayetaka kwenda majini, na alikuwa karibu sana. Kiboko akakaza miguu, akamwambia kwa ukali, "Rudi nyuma wewe." Mtu huyo akarudi nyuma.

Wewe Mwanakombo, unacheka nini? Nimesema anajizuia mwenyewe, ndiyo. Sasa nyamaza.

Siku ya tatu akaja Nyati kutoka ng'ambo ya mlima, Nyati mzee, mkorofi, pembe pana. Alikuwa amesikia bwawa halina mwenyewe. Akafika mwanyani akamkuta Kiboko amesimama, ngozi imepasuka, jasho lake limegeuka jekundu.

"Bwawa la nani?" Kiboko akamuuliza.

"Langu," akasema Nyati.

Kiboko akafurahi mpaka masikio yakamtikisika, kwa sababu sasa alilijua zimwi. Akalifunulia mdomo. Vumbi likatimka, pu! pa! pu! na Nyati akarudi ng'ambo akichechemea, hakuonekana tena.

Bi Pimbi aliyaona hayo yote, na hapo ndipo alipochanganyikiwa. Alikuwa amemdanganya mlafi, na mlafi amekwenda kuufanya uongo ule kuwa kweli kwa mikono yake. Alitaka kucheka akashindwa. Akachota tope kwenye jani, akapanda mlimani, akampaka Kiboko mgongoni kimyakimya. Akarudi, akachota tena.

Na miisho je? Kiboko aliuona wake. Maji yalikuwa yameshuka sana, ukingo umekuwa mrefu, na kila aliyetaka kunywa ilimbidi apige magoti. Kutoka mwanyani Kiboko akatazama chini, akawaona Swala, Punda milia, Pimbi na watoto wake, nchi nzima imepiga magoti. Tarumbeta hazikulia. Machozi yakamtoka. Sasa walikuwa wanampigia yeye au wanayapigia maji, hilo msiniulize. Nilimuuliza mama, naye akaniambia nilale.

Mvua ikanyesha. Wote wakiwa wameshakunywa, Kiboko akashuka polepole, akaingia majini bila chubwi, akanywa wa mwisho. Alipomaliza akamuuliza Bi Pimbi, "Mwenzangu, mimi nilikuwa nani?"

Bi Pimbi akamwita Kinyonga aonyeshe muvi. Jicho moja likasema shujaa. Jicho lingine likasema zimwi. Yakabishana mpaka leo, ndiyo maana hayatazami mahali pamoja.

"Ulikuwa wa mwisho, bwana," akasema Bi Pimbi. Kiboko akaridhika. Mpaka leo jasho lake ni jekundu, na kila jioni hutoka majini kwenda kuangalia kama zimwi halijarudi.

Funzo ni hili, lishikeni: mkienda banda la video, cheleweni. Anayewahi mwanzo huona taabu anayoipata shujaa, na zamu yake ikifika hubaki nyumbani kwake.

Hadithi yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni mpaka wa mwisho apate. Ikiwa chungu, mwachieni Mwanakombo, alicheka kabla ya wakati.