Jini wa Banda la Siku Saba

Alikuwapo Sultani Ghalibu bin Nasiri, mtawala wa mji wa Rasimanga, na mji huo ulikuwa na ada moja ya ajabu: kila mgeni, hata awe tajiri wa mizigo mia, alilazwa siku saba katika banda nje ya lango kabla ya kuingia, na hakuna aliyejua sababu yake. Wafanyabiashara, watu wa haraka wale, wakaapa kuwa ni ushamba mtupu, na Sultani akaamrisha banda livunjwe Ijumaa.

Bi Raihani, mjane mtunza nyaraka za ufalme, alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, Zaina, na hakuwa na liwazo ila kufumba macho na kuiona sura yake. Akijua kuwa panapofuka moshi pana moto, akapekua vitabu vyote, akakuta kurasa za mwaka mmoja zimechanwa. Akaenda bandani, akaisoma talasimu iliyochongwa kizingitini, na mara akatoka jini aliyefungwa humo tangu mwaka huo.

"Ewe bibi, nayajua yaliyochanwa," akasema jini, "lakini sitoi kumbukumbu ila kwa kumbukumbu. Nipe sura ya Zaina."

Maskini Bi Raihani! Alilia hata jua likapinduka, kisha akasema, "Watoto wa wenzangu wangali hai. Ichukue."

Jini akamsimulia yote, na Ijumaa Bi Raihani akasimama mbele ya kiti cha enzi.

"Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Zama za babu wa babu yako tauni iliingia na msafara wa wageni, na raia wakaandamana hadi baraza hii wakitaka lango lifungwe, naye mtawala huyo akaamuru wapigwe mishale. Kisha tauni ikachukua nusu ya mji. Banda alilijenga kwa majuto, na kurasa akazichana kwa aibu. Ukilivunja, utatuua mara ya pili."

Waziri akachomoa upanga, lakini Sultani akamzuia, akalia mbele ya watu. Banda likaachwa, na miezi miwili baadaye wageni watano wakafia humo kwa tauni, na mji ukasalimika. Sultani akamwoa Bi Raihani, akampa kasri na bustani.

Na kila asubuhi malkia huyo aliwaita majirani zake wa zamani, akawauliza, "Hebu niambieni, Zaina wangu alikuwaje?" Nao wakamweleza macho yake, na kishimo cha shavuni, na pengo la mbele, naye akaitikia, "Ahsanteni," kama anayesimuliwa mtoto wa mtu mwingine.

Basi ukikuta ada usiyoijua maana, uliza kabla hujaivunja, kwani yupo aliyeilipia.