Ubavu wa Ukutani

"Ubavu wa ukutani nao una siku yake." Mmemsikia shangazi akimwambia Rehani, aliyefagia sebule nzima akaacha chini ya kochi. Mkacheka, na sasa mnataka kujua ubavu na ukuta vilikutana wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia hapahapa Muheza, na ilianza na kopo la nta.

Palikuwa na kijana akiitwa Singano, ana gari dogo jeusi alilolipenda kuliko usingizi. Siku ya kwenda kumposa Mwajabu, aliamka mapema akaliosha gari pale nyumbani, akalikausha, akalipaka nta, akasugua kwa fulana kuukuu mpaka kuku wakaanza kupigana na sura zao mlangoni. Ila alisugua upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ulikuwa umebanana na ukuta, na tope jekundu la wiki nzima bado limeganda.

Baba yake mdogo, Mzee Kilua, aliyekuwa msemaji wa posa, akauliza, "Na upande ule?"

"Baba mdogo, upande ule unatazamwa na ukuta. Na ukuta hauna binti."

Wakaondoka. Walipofika kwenye kichochoro cha kina Mwajabu, Singano akakumbuka jambo: kibaraza cha wakwe kiko mkono wa kulia, na kichochoro hakina pa kugeuzia. Akiingia kama watu, wakwe watalakiwa na tope. Akasimama barabarani, akageuza gari, akaingia kinyumenyume mwanzo hadi mwisho, shingo imepinda kama bata anayetafuta mwewe.

Bibi Mwanamkuu, nyanya yake Mwajabu, ambaye bila neno lake binti wa nyumba ile haolewi, alikuwa kibarazani. Akawauliza wenzake, "Huyu anakuja au anaondoka?"

Lakini gari lilipotulia, ubavu mweusi ukawaka kama kioo, wanawake wakaguna kwa kusifu. Singano akauacha mlango wake wa dereva, akajivuta hadi ule wa kushoto, akashuka anatabasamu. Kumbe Mzee Kilua, aliyekaa kiti cha nyuma, naye anashuka, kwa mlango wa kulia, amebanwa kati ya gari na ua wa makuti. Alipozunguka mbele ya wakwe, kanzu yake nyeupe ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni hadi kifundoni.



"Mzee," akasema Bibi Mwanamkuu, "umekuja kuposa au kulima?"

Hakungoja jibu. Akachukua mkongojo, akazunguka gari, akalitazama lile tope. Aliporudi hakuwa anacheka. "Mjukuu wangu haolewi upande mmoja. Akiugua, akizeeka, akiwa hatazamwi na mtu, nani atamsugua?"

Mzee Kilua, kwa hasira ya kanzu, akamchoma mwanawe: "Amesema upande huo unatazamwa na ukuta, na ukuta hauna binti!"

Dirishani kikasikika kicheko. Ni Mwajabu, aliyepaswa kujificha na kuona haya. Bibi akauma midomo, lakini kicheko kikamshinda naye.

"Ubavu wa ukutani nao una siku yake, bwana mdogo, na siku yake ni leo. Nta unayo?"

"Ipo kwenye buti, bibi."

"Vua koti. Nikiuona uso wangu upande ule, utapata jibu. Nisipouona, rudini mlivyokuja, kinyumenyume."

Basi bwana harusi mtarajiwa akakunja suruali. Akamwagia maji, akatoa tope, akakausha, akapaka nta kidogokidogo, akangoja ikauke, akasugua. Wanawake wakamwekea wimbo wa kutwangia, wakawa wanauharakisha kusudi, na yeye mkono unafuata wimbo. Alitoa jasho, lakini hakuacha hata kona ya chini ya mlango, pale ambapo ni mjusi tu angechungulia.

Bibi Mwanamkuu akainama. Akajiona. Akafunga upya kilemba chake mbele ya mlango ule, taratibu, kama yuko chumbani kwake.

"Je, jibu?" akauliza Mzee Kilua.

"Mwanamume anayeosha gari mbele ya wakwe na hatoroki, unataka jibu gani tena? Mleteeni chai. Na wewe mzee, utatafutiwa kanzu."

Vigelegele vikapasua kichochoro.

Rehani, usininunie mimi. Chukua ufagio ukamalizie chini ya kochi. Ubavu wa ukutani nao una siku yake.