Sinia Zilizongoja Mwezi

Mwezi haurudi saa ya jana. Ndivyo alivyosema ami yenu Jabu, ndugu yenu Kaisi alipomwambia kuwa ile kazi ya kiwandani atakwenda kuiulizia wiki ijayo, kwani ipo tu. Ninyi mkacheka, mkaniuliza kama mwezi una saa. Unayo. Na methali hii ilianza hivi.

Zamani, mjini Pangani, katika mtaa mmoja wa nyumba za mawe, posa ilipelekwa jioni ya mbalamwezi. Wanawake wa upande wa mwanamume walibeba sinia kichwani, zimefunikwa kawa: halua, udi, vikuba vya asumini, doti za kanga. Taa haikuchukuliwa. Aliyekwenda kuposa kwa taa aliambiwa anatafuta mke kama mtu anayetafuta kuku wake. Upande wa mwanamke nao waliacha mlango wazi tangu adhana ya magharibi mpaka wanaume waliporudi kutoka kuswali isha. Sinia ziliingia moja kwa moja, maana walisema posa haibishi hodi. Komeo likishaanguka posa hiyo imekufa, na mwingine ana ruhusa ya kuleta yake.

Basi palikuwa na seremala, jina lake Shomari, aliyempenda Mize binti Kombo. Walipendana kwa adabu. Shomari alibeba mbao zake kwa njia ndefu ili apite chini ya dirisha la kina Mize, na Mize alikuwa na kazi nyingi sana za dirishani. Mzee Kombo hakuwa na neno naye, ila alikwisha kuletewa salamu na watu wa Mkwaja, nao walimtaka huyohuyo Mize. Akasema, "Shomari ametangulia kuomba, na atangulie kuleta. Asipoleta, nitawapokea wa Mkwaja."

Shomari alikuwa yatima, amelelewa na shangazi yake, Bi Mafunda, mwanamke mkarimu aliyependa kutazamwa. Jioni iliyowekwa ilikuwa ya mwezi kutimia. Sinia zilikuwa tayari, halua imekatwa. Lakini Bi Mafunda alikuwa amewanunulia waimbaji wake wote kanga za rangi moja, na fundi hakuwa amemaliza kuzipinda. Akatuma mtu kwa Mzee Kombo: watakuja baada ya siku tatu. Jibu likarudi kwamba hakuna neno, mlango utakuwa wazi vilevile, mpaka isha.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na ni kosa letu sote watu wa pwani. Mwezi tunaulinda ukiwa mchanga, kwa ajili ya kufunga na kufungua. Tunaujua unavyoonekana upande wa machweo, ukakaa kidogo na kuzama, na kila jioni ukakawia zaidi, mpaka siku ya kutimia ambapo huchomoza jua likitua, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Ukishatimia hatuulindi tena. Tunalala. Kumbe tangu hapo kila siku unachelewa kutoka, mpaka mwisho unauona asubuhi juu ya mapaa, mweupe kama kipande cha chokaa, na hakuna anayeuuliza ulikuwa wapi.

Siku ya tatu ikafika. Kanga zimepindwa, wanawake wamevaa, wamejaa barazani kwa Bi Mafunda. Jua likatua. Magharibi ikaswaliwa. Giza likaingia, na upande wa baharini hakuna kitu.

"Shangazi," Shomari akasema, "tokeni."

"Tutoke wapi na giza hili? Mwezi unakuja."

"Basi chukueni kandili."

"Nichukue kandili, mie? Kesho waniite Bi Mafunda mtafuta kuku?"

Wanawake wakacheka. Mmoja wao, Bi Tabu, akasema, "Mwache, wifi, bwana harusi miguu inamwasha."

"Basi nendeni gizani hivihivi," Shomari akasema. "Njia mnaijua."

"Na kanga hizi nani ataziona? Tulia, mwanangu. Mwezi ni uleule wa majuzi, na ungali mpana."

Shomari hakuwa na la kufanya, kwa kuwa mposaji haendi na sinia zake. Akakaa. Isha ikaadhiniwa. Wanaume wakapita kwenda msikitini, kisha wakapita wakirudi. Baadaye sana mwezi ukachomoza, mwekundu, umelika upande mmoja. Bi Mafunda akapiga kigelegele na sinia zikaondoka kwa nyimbo.

Walifika wakaukuta mlango umefungwa. Nyimbo zikakatika moja moja. Bi Mafunda akabisha, jambo ambalo lilikuwa halijapata kufanywa.

Dirisha la juu likafunguka. Alikuwa Bi Mwanashamba, bibi yake Mize.

"Nani anayebisha?"

"Shikamoo, mama. Ni sisi, na sinia."

"Marahaba. Sinia za nini saa hizi, mwanangu? Tumekwisha kula."

"Mama, tusamehe. Mwezi ndio umetuchelewesha."

"Mwezi una ugomvi gani na wewe?"

"Majuzi ulitoka mapema, mama! Jua lilikuwa halijazama vizuri."

"Majuzi ulikuja kukuchukua, ukauambia ungoje nguo. Mwezi haurudi saa ya jana, mwanangu. Mkwe wangu Kombo ameapa mbele ya wazee wa Mkwaja kuwa komeo likianguka atawapokea wao. Nendeni salama."

Akawa anafunga dirisha, halafu akalishika tena. "Mize anasema mumwambie Shomari kwamba alikaa nyuma ya mlango. Komeo alilitia babake, si yeye."

Wakarudi mbalamwezi imejaa njia nzima, na kanga zao zikionekana mpaka upindo. Shomari alikuwa amesimama barazani. Aliziona kawa bado ziko juu ya sinia, akaelewa. Bi Mafunda akampa maneno ya Mize kama alivyopewa, bila kuongeza, akaingia ndani kuvua kanga.

Mize aliolewa Mkwaja, na wanasema alitunzwa vizuri. Shomari naye alioa baadaye sana. Tangu jioni ile watu wa mtaa ule, wakimwona mtu ameacha jambo lililomjia mkononi kwa kuwa kesho litakuwapo, hawamwambii kwamba halitakuwapo. Pengine litakuwapo, na kwa upana uleule. Wanamwambia tu: mwezi haurudi saa ya jana.