Siku Kiboko Alipofunga Aproni

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa wakila mezani na kunawa kabla ya kula, palikuwa na mgahawa kwenye kona ya mto, na mwenye mgahawa alikuwa Kiboko. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye kiti kikubwa nyuma ya kaunta tangu asubuhi, na kila mteja aliyeingia alimwambia karibu, halafu akapumzika kwa uchovu wa kusema karibu.

Waliofanya kazi ni wengine. Kanga alipika. Kobe aliosha vyombo, polepole, lakini vikang'aa. Na Nguchiro, mdogo, mwembamba, mwenye miguu myepesi, ndiye aliyehudumu mezani. Mnamjua nguchiro? Yule anayeweza kugombana na nyoka na bado akawahi nyumbani kwa chakula cha mchana. Basi huyo.

Mshahara wao ulikuwa ukoko wa chini ya sufuria. Kilichowaweka pale ni bakshishi. Desturi ya mto ule ilikuwa hivi: mgeni akimaliza kula, mhudumu humletea birika na beseni anawe mara ya pili, na mgeni akiwa ameridhika, humwekea sarafu kiganjani yule aliyemmwagia maji. Nguchiro alizigawa na wenzake wa jikoni, na kwa fungu lake mama huyu akawanunulia wanawe mayai.

Siku moja Kiboko akaona sarafu zinapita mbele ya macho yake bila hata kumsalimia. Kesho yake pakawa na mtungi juu ya kaunta. Akawaita wafanyakazi, akawahutubia kwa ile sauti ya upole ambayo wakubwa huitumia wanapotaka kuchukua kitu. Bakshishi zote, alisema, sasa zitaingia mtungini.

"Hapa sisi ni familia moja," akamalizia. "Na katika familia, pesa hukaa kwa baba."

Kobe akauliza baba atazigawa lini. Kiboko akasema atalitafakari hilo. Akalitafakari msimu mzima wa mvua. Wateja waliendelea kutoa, wakidhani wanamshukuru Nguchiro, na mtungi ukameza, ting, ting, ting. Wanawe Nguchiro wakawa wanalamba maganda ya mayai ya jirani. Kanga akaanza kufunga virago.

Nguchiro akamwomba asubiri kidogo. Habari zilikuwa zimefika kwamba Bibi Tembo na ukoo wake wote wangekuja kutoka mbali kusherehekea mjukuu aliyezaliwa, na wangekula palepale.

Akaenda kaunta, akaanza kupafuta mahali palipokuwa pasafi.

"Bosi, huyu Bibi Tembo ana mtindo wake. Mtungini haweki kitu. Na mwenye mgahawa hampi hata sarafu moja. Anasema huyo keshalipwa kwenye bei ya chakula."

"Akupe wewe, uniletee mimi."

"Nitaleta, bosi, nina lipi lingine? Shida ni kwamba yeye hahesabu. Anajaza kiganja cha aliyemnawisha, basi." Akakifungua kiganja chake juu ya kaunta. Kilitosha karanga mbili, tena zikibanana. "Sijui nitakuletea nini."

Kiboko akakitazama kwa huruma ya kweli. Kisha, taratibu, akakigeuza chake. Kilikuwa kipana kama ungo.

Nguchiro akaendelea kufuta.

Haikuchukua muda. Kiboko akasema amekuwa akifikiria kwamba bosi mzuri ni yule anayezijua kazi za walio chini yake. Nguchiro akasema hilo ni wazo kubwa sana, nani mwingine angelipata. Lakini je, kwenye kiti atakaa nani, maana mgeni wa heshima lazima amwone mwenye nyumba? Kiboko akamwambia akae yeye, kwani kukaa kuna kazi gani? Hilo ndilo neno la kweli alilolisema mwaka ule.

Siku ikafika. Ndi, ndi, ndi, ardhi ikatetemeka, Bibi Tembo akaingia na dada zake, binti zake na watoto wasiokuwa na idadi. Nguchiro alikuwa kwenye kiti kikubwa, amekalia magunia ya mtama ili aonekane. Kiboko alikuwa mlangoni na aproni. Kamba zake hazikufika mgongoni, kwa hiyo Kanga alikuwa ameziunga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Pundamilia, mteja wa kila siku, aliyekuwa meza ya pembeni, alimtambua mara moja. Akataka kusema kitu. Kisha akafikiri, akaagiza uji mwingine.

Basi Kiboko akahudumu. Alibeba masinia, tumbo likatangulia na kuangusha viti. Mchuzi wa moto ukammwagikia mkononi. Meza hii ilitaka chumvi, ile ilitaka maji, na aliporudi na maji walikuwa wameghairi, wanataka matikiti. Watoto wa tembo wakamvuta mkia kuona kama unatoka. Na kila alipopita karibu na kaunta akihema, Nguchiro alimkumbusha kwa upole jambo ambalo Kiboko mwenyewe alizoea kulisema: atabasamu, tabasamu ni bure.

Hatimaye wageni wakashiba. Kiboko akaleta birika na beseni, akammwagia Bibi Tembo maji, akatega kiganja. Bibi Tembo akafungua mfuko wake na kukijaza, mpaka sarafu zikawa zinateleza pembeni.

"Mhudumu," Nguchiro akaita kutoka kitini, akiweka kikapu chake juu ya kaunta, "lete hizo. Leo nakwenda nazo nyumbani."

Kiboko akadhani ni mzaha, akamkonyeza. Nguchiro hakukonyeza.

"Sisi hapa ni familia moja," akasema. "Na katika familia, pesa hukaa kwa mama."

Kiboko akapiga hesabu. Akisema mgahawa ni wake, Bibi Tembo atazichukua sarafu zake. Akizitia kikapuni, nani aliwahi kusikia kiboko amemkimbiza nguchiro akamkamata?

Bibi Tembo akaacha kujipepea masikio. Akauliza kama kweli katika nyumba ile bakshishi huchukuliwa na mwenye mgahawa.

"Ndivyo tulivyozoea, Bibi," Nguchiro akajibu. "Muulize mhudumu kama ni haki."

Hapo Kiboko akapasuka. "Haki ya wapi? Bei ya chakula unachukua wewe, faida yako. Umekaa hapo tangu asubuhi hujanyanyua hata kijiko. Nani ameungua mkono? Nani amevutwa mkia? Mgeni ameshukuru mkono uliomhudumia, halafu wewe uliyekaa unanyoosha wako. Huo ni wizi, na mwenye haya yake angeona aibu."

Kanga akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Kobe akaacha sahani majini.

"Na aliyepika?" Nguchiro akauliza. "Na anayeosha vyombo?"

"Nao wapewe! Hao walau wametoka jasho."

"Umenishinda," Nguchiro akasema. "Basi mimi niliyepewa kiti hiki natangaza mbele ya wageni: kuanzia leo, bakshishi ya nyumba hii ni ya wanaohudumu na walio jikoni. Anayekaa hapa asiiguse."

Kiboko akapiga makofi kwa furaha, sarafu zikatawanyika sakafuni.

Pundamilia hakuweza kuvumilia tena. Akasema, "Umetetea vizuri mno, Bwana Kiboko. Na mgahawa wenyewe ni wako."

Bibi Tembo akageuka polepole, kama nyumba inayogeuka. Kiboko akajaribu kujificha nyuma ya beseni. Nguchiro akaruka chini, akamweleza mgeni habari yote bila kuongeza chumvi.

Bibi Tembo akacheka mpaka vikombe vikaanguka. "Sasa chagua, bwana," akasema. "Kama yale maneno yalikuwa ya mhudumu, aliyekuwa kitini amekubali, na kiti ulimpa wewe. Kama yalikuwa ya mwenye mgahawa, umejihukumu mwenyewe. Yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa yangu," Kiboko akasema, kwa sauti ambayo ingemtosha panya.

Sarafu zikaokotwa, zikagawiwa Kanga, Kobe na Kiboko mwenyewe, maana siku ile alihudumu kweli. Nguchiro alipopewa fungu alikataa. Akasema yeye leo alikaa tu.

Kesho yake alirudi mezani na birika lake, na jioni wanawe walikula mayai mpaka wakagombania nani abakize. Kanga akafungua virago. Na Kiboko? Wateja wakiwa wengi, alinyanyuka mwenyewe na kuomba abebe walau sinia moja.

Nami niliyewasimulia nimemaliza, nanyi mliosikiliza shikeni hili: shukrani ya mgeni ni mali ya aliyemhudumia, hata kama kaunta ni ya mwingine.