Benchi la Mfereji

Kijiji kimoja kilikuwa na mfereji mmoja wa maji, na benchi la watu saba waliogawa zamu za kumwagilia. Wote saba walikuwa wanaume wa ukoo mkubwa. Kila kikao, aliyekaa kwenye benchi alisema neno moja tu, la jambo moja, kisha akanyamaza. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu.

Wanawake walilalamika, maana maji ya kupikia waliyapata mashamba yakishashiba. Wahunzi nao, ukoo mdogo wa kule mwisho wa mfereji, hawakuwa na hata siku moja ya zamu, na bustani zao zilikuwa zinakauka. Mwishowe mkutano wa kijiji ukaamuru kwamba benchini akae mwanamke, na akae mhunzi.

Mzee Mbonea, mkuu wa benchi, alikuna kichwa siku tatu. Siku ya nne akamteua Nakijwa, mwanamke wa ukoo wa wahunzi. Amri ikatimia yote, na akaondoka mzee mmoja tu. Akili yake hiyo ilimfurahisha, acha tu.

Nakijwa hakushikika kwa furaha. Alifua kitenge chake mara mbili. Asubuhi ya kikao alitembea nusu anakimbia, na kila aliyekutana naye alimpa la kusema. Wanawake walitaka maji ya nyumbani yatangulie. Wahunzi walitaka siku yao. Aliitikia yote, angekataaje?

Zamu yake ya kusema ilipofika, ndipo alipogundua. Akisema la wanawake, bustani za kwao zimekufa. Akisema la wahunzi, wanawake wanarudi mikono mitupu. Alimtazama Mzee Mbonea, akamwona anatabasamu, na hapo badala ya kuogopa akachangamka kuliko alivyokuwa njiani.

"Wazee wangu, mimi nimekuja na neno la wanawake: maji ya kupikia yatangulie mashamba," alisema. "Mhunzi mliyeamriwa kumleta bado simwoni, na watu wake wako hapo nje wanamngoja."

Huko nje watu walilipuka kwa shangwe, wanawake na wahunzi pamoja. Kisha wote wakageuka kulitazama benchi. Lilikuwa limejaa, watu saba barabara.

Basi niambieni, nyinyi mnaojua kuhesabu: nani alipaswa kusimama ampishe mhunzi?