Mkono wa Zahabu

Hapo zamani, enzi mkonge ulipoifunika nyika ya Korogwe, Semkiwa alikuwa msimamizi wa kiwanda cha katani. Siku moja Mhina, aliyekuwa akiilisha mashine majani, aliteleza kwenye sakafu iliyolowa. Mashine ikamkata vidole.

Semkiwa akamwita mfagizi, Mbaruku.

"Kwa nini sakafu ilikuwa na maji?"

Mbaruku akainamisha kichwa.

"Basi umezembea. Nenda zako."

Mbaruku akaenda zake. Semkiwa akaona yamekwisha, akampeleka kibarua mwingine, msichana Zahabu, mahali pa Mhina.

"Baba, pale ni salama?" Zahabu akauliza.

"Mzembe nimeshamfukuza, mama. Fanya kazi."

Haukupita muda, Zahabu naye akateleza palepale. Mashine ikamla mkono hadi kiwiko.

Safari hii Semkiwa alipiga magoti, akayafuata maji kwa kiganja mpaka nyuma ya mashine. Akakuta bomba linavuja, limefungwa kipande cha mpira.

"Nilifunga mimi," akasema fundi Kilua. "Niliomba mashine isimame nibadilishe bomba, meneja akakataa."

Meneja naye alipoulizwa akasema, "Majani yaliyokatwa yakilala yanaharibika. Nilisema funga kwa leo tu. Mbona hakuna aliyerudi kuniambia bado linavuja?"

Semkiwa akaenda nyumbani kwa Mbaruku.

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini Kilua kamwoa dada yangu. Ningemtaja, angefukuzwa yeye, na dada ana watoto wachanga. Nikaona heri niondoke mimi. Sikudhani ungempanga mtu mwingine pale bila kutazama."

Semkiwa akarudi kiwandani.

Bomba jipya likafungwa, sakafu ikakauka. Akaenda kumjulia hali Zahabu, akamkuta anajaribu kusuka ukili wa mkeka kwa mkono mmoja, ncha ya pili kaibana kwa vidole vya mguu. Ukili ukawa unamfumuka, naye anaanza upya.

"Nisamehe, mama."

"Nilipokuuliza kama pale ni salama, ulikuwa umetazama?"

"Sikutazama. Nilipata wa kumlaumu, nikaridhika."

Zahabu akaurudia ukili wake.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, amueni. Kilua alifunga mpira, akanyamaza. Meneja hakutaka mashine isimame, wala hakurudi kuuliza. Mbaruku alificha ili kumsitiri dada yake. Semkiwa aliuliza swali moja, akaishia hapo. Je, Zahabu amdai nani mkono wake?