Chumba cha Chini cha Bi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na shimo!

La nani?

La Bi Nguchiro!

Basi kaeni vizuri, na msinikatize, maana hadithi hii kila nikiisimulia damu hunichemka.

Hapo kale Bi Nguchiro alikaa kwenye kichuguu na wanawe. Kichuguu chenyewe kilikuwa na ukumbi tu, tena mlango wazi. Chini alianza kuchimba chumba, akakuta udongo mgumu, kucha zikamshinda. Na juu angani Mwewe alikuwa akizunguka, akiwatolea macho watoto. Bila chumba cha chini, watoto wangeliwa.

Akatokea Ngiri, shingo nene, pembe zimechomoza mdomoni.

"Mimi ni fundi," akasema. "Nimechimba nchi nzima."

Bi Nguchiro hakumuuliza amemchimbia nani. Alizitazama zile pembe, akadhani ndio ufundi. Msimcheke, hata nyinyi mtakuja kufanya vivyo hivyo.

Ngiri akachimba kidogo, kwaru kwaru, akaketi.

"Fundi, chumba?"

"Kesho, mama. Kuna viazi?"

Fundi hula kwa mwenye nyumba, ndiyo desturi. Akapikiwa viazi, akala.

"Fundi, chumba?"

"Kesho, mama. Kuna viazi? Halafu unitoe kupe mgongoni."

Akala, akatolewa kupe. Mara Mwewe akashuka, fyuuu! Akaondoka na manyoya ya mkia wa kitindamimba.

"Fundi!" Bi Nguchiro akapiga kelele, machozi ya hasira yakimtoka. "Wanangu wanakwisha!"

Ngiri akainuka, akachimba kweli, kwaru kwaru kwaru, mpaka chumba kikamtosha yeye. Kisha akaingia kinyumenyume, kama ukoo wao wote wanavyoingia mashimoni, makalio kwanza, pembe zikabaki mlangoni.

"Chumba kizuri hiki," akasema. "Nitakaa mimi. Wewe na wanao laleni ukumbini."

"Nyumba yangu! Viazi vyangu!"

"Basi nitoe."

Ah! Bi Nguchiro alitaka kumrukia puani, akaziona pembe. Akameza mate machungu, akasema kwa sauti laini, "Haya, baba. Pumzika."

Asubuhi Ngiri alipokwenda malishoni, Bi Nguchiro alikwenda kwa Nungunungu. Safari hii hakutaka maneno. Aliingia pango lake, akazipiga kuta mateke, hata punje ya udongo haikudondoka. Ndipo akamwambia, "Njoo."

Nungunungu alipokiona kile chumba akasonya, kama mafundi wote.

"Nani alikuharibia kazi hivi?"

"Atarudi jioni. Wewe chimba kule mwisho, uso ukutani. Ukiguswa, simamisha miiba."

Jioni Ngiri akarudi, tumbo mbele.

"Kuna viazi?"

"Vipo, baba. Nimeviweka ndani, mwisho kabisa."

Ngiri akageuka, akaanza kurudi nyuma. Bi Nguchiro akasimama mlangoni, akamwongoza kama utingo wa lori.

"Rudi, rudi, rudi! Kata kulia kidogo! Rudi!"

"Nimefika?"

"Bado, baba. Kanyaga!"

Ngiri akakanyaga. Chwa! Chwa! Chwa!

"Mama weee!"

Akachomoka mbio, vumbi timtim, makalio yamejaa miiba. Mpaka leo ngiri akikimbia husimamisha mkia juu, anaogopa usiguse palipochomwa.

"Mbona unakimbia?" Bi Nguchiro akamfokea. "Fundi! Kula viazi!"

Nungunungu akamaliza chumba. Watoto wakashuka, Mwewe akakuta ukumbi mtupu. Wote wakalala, isipokuwa mama yao. Yeye alibaki mlangoni, bado anaitukana njia aliyopita Ngiri.

Hadithi yangu imeingia shimoni, anayeitaka akaichimbe. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba hasira ni tabia mbaya sana. Fundi akila viazi vyako na kukunyang'anya nyumba, usinung'unike. Mwite baba, mkaribishe ndani, na umwelekeze vizuri.